Daraja

Nyuma ya risiti ya saruji nilipiga hesabu.
Kiti kimoja cha mbele, Mumbai hadi Entebbe,
kurudi tu, usiku:
milioni nne juu ya bei ya kiti cha nyuma.
Dukani kwangu hapa Namakwekwe
hayo ni mabati mia moja ya geji thelathini,
nyumba mbili zimeezekwa, na choo.
Ni ada ya Nabifo, mihula sita.
Na ninachonunua ni usingizi wa saa saba,
kitu kisichopimwa kwa futi
wala kukatwa kwa msumeno.

Shemeji yangu Wepukhulu aliwahi kukaa mbele.
Akarudi na picha: glasi, soksi za bure,
uso wa mtu aliyekalia cheo cha mwenzake.
"Ukionja, hutarudi nyuma," akaniambia.
Mwaka uleule akarudi nyuma,
mpaka kwenye daftari langu la madeni,
ukurasa wa misumari.

Kwa hiyo nilikuwa na sheria zangu.
Mchana, hakuna aliyekufa kwa kukaa wima.
Mtoto ambaye miguu yake haifiki sakafuni,
umnunulie nafasi ya miguu aweke nini?
Na sifa haionekani kwenye mizani ya mizigo,
lakini uzito wake unaulipia.

Ila mama angerudi na chuma kipya kwenye nyonga.
Miaka arobaini ameinamia buni miteremko ya Wanale,
na daktari ameandika: mguu usikunjwe.
Nililipa. Mkono ulitetemeka, sitaficha.
Mama akauliza bei.
Nikasema ni ileile, wametupunguzia kwa ajili ya mkongojo.

Siku ya kwenda, tukivuka Nile pale Jinja,
Nabifo, aliyesikia wiki nzima tukibishana,
akabandika pua kwenye kioo:
"Baba, hili ni daraja la mbele au la nyuma?"
Khainza akacheka mpaka mtoto mgongoni akaamka.
Nikasema hili ni la wote.
Sikujua kama nilikuwa namjibu yeye.

Usiku wa kurudi wakavuta pazia.
Mama huko, sisi safu ya ishirini na tisa,
Wambede anaota meno, analia kama anadai haki,
abiria wanakohoa kikohozi kile kisicho na ugonjwa.
Khainza hajalala usiku mzima tangu Februari.
Alikuwa akimbembeleza macho yamefumba,
mkono ukipiga mgongo wa mtoto peke yake,
kama mashine iliyosahauliwa.

Saa ya tatu pazia likasogea.
Mkongojo kwanza, kisha mama,
soksi za kijivu miguuni,
mkate wa moto ndani ya kitambaa.
"Kitanda kile kinataka mtu mwenye usingizi," akasema.
"Mimi nimelala hospitali wiki tatu. Binti, nenda."
Mhudumu akaja mbio: jina lililoandikwa ni la bibi.
Mama akajibu kwa Kigisu, nikatafsiri nusu tu:
jina ni langu, na huyu nimemtuma.

Akakaa kando ya njia,
akanyoosha mguu juu ya mapaja yangu,
mguu mzito, wenye joto, wenye mshono.
Saa nne sikuthubutu kukohoa.
Wambede alilala kifuani pake, mjinga yule,
kana kwamba hakuwahi kulia.

Alfajiri, ziwa likiwa bado rangi ya majivu,
Khainza akatoka nyuma ya pazia
alama ya mto shavuni,
akauliza tumefika wapi, kwa sauti ya msichana
niliyemchumbia Bududa.

Mama akaniinamia sikioni.
"Mabati mangapi?"
"Mia."
Akamtazama mkwewe akifunga viatu, akikosea tundu, akianza tena.
"Basi yameezeka," akasema,
akadai mkongojo wake.